Kaske ya Bilijita

Katika miaka ile ya kabla ya vita, jua la Élisabethville, huko Kongo ya Wabelgiji, lilikuwa na ubaguzi: liliua Wazungu tu. Jambo hili lilijulikana kwa madaktari, kwa mapadre na kwa wauza kofia, na hapakuwa na sababu ya kulibishia, kwa kuwa Wazungu walikuwa wakifa kweli, na jua lilikuwepo kila walipokufa.

Mukuka, mtu wa Sakania, alilijua fundisho hili kuliko alivyoijua katekisimu. Alikuwa boyi wa mtoto katika nyumba ya injinia mmoja wa Kibelgiji, na kazi yake kubwa ilikuwa kichwa cha msichana mdogo aliyeitwa Brigitte. Kila asubuhi aliipaka chaki kaske ya mtoto, ile kofia ngumu ya kizibo yenye ukingo mpana, mpaka ikawa nyeupe kama yai. Aliigeuza, akakagua kama kitambaa chekundu cha ndani hakijachanika, maana mionzi mibaya, alieleza Madamu, mke wa injinia, huogopa nyekundu. Kisha akamfunga mtoto mkanda wa flaneli tumboni, akamvalisha shati la mikono mirefu na soksi za kufika magotini, na mwisho kabisa kaske, kamba ikapita chini ya kidevu. Tangu saa mbili ya asubuhi hadi saa kumi kaske haikutoka kichwani, bustanini wala barazani, kuwe na mawingu au kusiwe. Mawingu, alisema Madamu, ni mtego.

Brigitte alikuwa na miaka minne, na Kiswahili chake alikuwa amekipata kwa Mukuka, kwa sababu nyumbani mle hapakuwa na mtu mwingine aliyekuwa na nafasi ya kuongea naye. Kila mchana, joto lilipokolea na jasho likaanza kumchirizika masikioni, aliinua uso na kuomba avuliwe.

"Tosha kaske, Kuka."

"Hapana, mama. Jua itakupiga."

"Itanipiga kidogo tu."

"Jua haina kidogo."

Mukuka alikuwa mtu wa kufuata amri, na amri ile hakuivunja hata mara moja. Hilo tulikumbuke, maana baadaye yeye mwenyewe alipata shida kulikumbuka.

Mvua za kwanza zilipoanza, Brigitte alishikwa na homa, akafa katika hospitali ya Wazungu kabla ya Jumapili. Daktari alitafakari, akasema ni pigo la jua. Mbu hawakutajwa. Kati ya mji wa Wazungu na cité ya Weusi kulikuwa na ukanda mpana wa ardhi tupu, ulioachwa makusudi ili mbu wa Weusi wasiweze kuruka mpaka kwenye vitanda vya Wazungu, na kwa hiyo ilieleweka kwamba hawakuwa wameruka.

Injinia alimwita Mukuka barazani. Hakupaza sauti.

"Ulitosha kaske?"

"Hapana, Bwana. Hata siku moja."

"Ulitosha kaske."

Mara ya pili halikuwa swali tena. Mukuka alifungasha nguo zake. Injinia na mkewe nao hawakukaa sana. Walipanda treni ya kusini, wakarudi kwao, na nyumba ikapewa injinia mwingine.

Habari ilivuka ukanda ule upesi kuliko mbu. Mtaa mzima wa Mukuka ulijua kwamba mtoto alilia, boyi akamhurumia, akamvua kofia, jua likafanya kazi yake. Hakuna aliyemlaani. Kinyume chake, walimsamehe, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

"Ba Mukuka, musijiue na mawazo," alimwambia Clément, jirani yake, Mkasai aliyekuwa karani na aliyevaa tai hata akienda chooni. "Mutoto analia, unamutoshea kofia. Ni roho ya bumuntu. Hata mie ningefanya vile."

"Lakini sikumutoshea."

"Ndiyo, ndiyo," alisema Clément, akimpigapiga begani.

Mwanzoni Mukuka alikana kila mara. Halafu akachoka. Mtu akisamehewa na mtaa mzima huanza kuitafuta ile dhambi ilipo, na akiitafuta kwa muda mrefu mkono utagusa kitu. Yawezekana ilikuwa siku ile ya moto kabisa, nyuma ya jiko? Yawezekana aliilegeza kamba? Alikumbuka kidevu chenye alama nyekundu ya kamba. Alikumbuka, au alidhani anakumbuka, nywele za rangi ya majani makavu zimegandamana kwa jasho, na nywele zile angeziona vipi mchana kama kaske ilikuwa kichwani?

Alipata kazi ya kupiga pasi katika duka la nguo la Mgiriki mmoja mjini, na kwa hiyo ilimbidi kuuvuka ule ukanda mtupu kila siku. Saa sita, alipokuwa akirudi kula, hapakuwa na kivuli hata cha kumfunika panya. Na Brigitte alikuwa akimngoja pale katikati, majani yakimfika kiunoni. Siku nyingine alikuwa na kaske, kamba imefungwa vile vile alivyoifunga Mukuka, na hizo zilikuwa siku nzuri. Siku nyingine alikuwa kichwa wazi, ameishika kaske kwa mikono miwili, anamnyooshea. Mukuka alijua kwamba huyu wa pili ni mwongo, kwa kuwa mchana wa namna ile haukuwahi kuwepo. Lakini mzimu haubishi. Unasimama tu, na anayetembea ni wewe. Alipita akiangalia miguu yake, na majirani waliomwona wakasema kazi ya pasi inachosha macho.

Vita ilipokuwa imeshaanza huko kwao Wazungu, Chola, mkewe Mukuka, alijifungua mtoto wa kike. Mama yake, Chileshe, alikuja kwa treni kutoka Sakania kumsaidia kwa mwezi mmoja, akakaa miaka. Kwa desturi yao mkwe wa kiume hatazamani na mama mkwe wala hasemi naye uso kwa uso. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili, na kati yao ukuta wa matofali mabichi. Tangu siku hiyo Mukuka aliishi upande mmoja na Chileshe upande wa pili, na lolote walilokuwa nalo la kuambiana walimwambia Chola, kwa sauti ya kutosha kupenya ukuta.

Mtoto alikataa kunyonya. Alilia asubuhi, alilia mchana. Kwao jambo hili halimshangazi mtu: mtoto huja na mtu, marehemu fulani anayerudi kumlinda, naye hulia mpaka atajwe. Chileshe akampakata, akaanza kuyataja majina ya wafu wa upande wake, mmoja mmoja, akisubiri kila mara kama titi litapokelewa. Bibi yake, hapana. Mjomba wake aliyekuwa fundi wa mitego, hapana. Dada yake aliyekufa Mokambo na ujauzito, mtoto alisita kidogo, akalia zaidi. Wafu wa upande wa mama wakaisha.

"Chola, muulize bwana yako kama kwabo balikufaka bantu," ilisema sauti ya Chileshe.

Mukuka, aliyekuwa ameketi nje juu ya beseni lililopinduliwa, alitoa wafu wake wote kupitia ukuta. Babu. Baba. Shangazi aliyependa ugomvi. Nao walikataliwa. Kisha pakawa kimya, mtoto amekauka sauti, na katika kimya kile Mukuka alisikia mdomo wake ukisema jina ambalo hakuna aliyeliuliza.

"Brigitte."

Mtoto akanyonya.

Chileshe hakuharakisha. "Muulize, ule ni nani."

"Ni mutoto moja nilikuwa namulea."

"Wa ukoo gani?"

"Wa injinia."

Upande wa pili mtoto alihamishiwa titi jingine.

"Basi amefanya safari," alisema Chileshe.

Mapadre walifurahi kwamba angalau mara moja familia ile imechagua jina la Kikristo bila kusukumwa. Mtaa ukalitamka Bilijita. Lakini jina lina masharti yake. Aliyepewa jina la mtu aliyezama hatumwi mtoni. Chileshe hakuwa na haja ya kuuliza Brigitte alikufa na nini, kwa kuwa hata Sakania walijua.

"Ule alikufa na jua," alisema. "Huyu jua isimuone."

"Chola, muambie mama," alisema Mukuka kutoka upande wake, "ule hakufa na jua. Kaske ilikuwa kwa kichwa."

"Baba Bilijita, bantu bote banajua," alisema Chola.

"Mie ndiye nilikuwa pale."

"Ndiyo," alikubali Chola, kwa upole ule ule wa Clément, "weye ndiye ulikuwa pale."

Hivyo mtoto alipoanza kutembea, ikabidi achaguliwe nguo. Mukuka alileta kutoka dukani kwa Mgiriki vitu vilivyoharibika kidogo, vile ambavyo Wazungu wasingevichukua: kofia laini ya pamba, kofia ya majani yenye ukingo mkubwa, na kaske ndogo iliyobonyea upande mmoja. Alivipitisha mlangoni bila kutokeza uso. Alimwita Chola nje amwonyeshe namna ya kuvipima, maana hilo alilijua vizuri. Kofia unaiinua juu, unatazama kutoka ndani kuelekea jua. Ukiona nyota, haifai. Kitambaa unakiweka mkono nyuma. Ukiona vidole vyako, jua nalo litaviona. Bafta nyembamba nyeupe ilionyesha vidole vyote. Kaki nzito ya magwanda haikuonyesha kitu.

Chola alipenda ile ya majani. Ilikuwa nyepesi, na upepo ulipita.

"Hii ni chekecheke," ilisema sauti ya mama yake kutoka ndani. "Kama upepo inapita, jua nayo itapita. Ama jua ni nene kupita upepo?"

Kaske ikachaguliwa. Ilikuwa kubwa, ikajazwa matambara ndani. Kaki ikashonwa gauni la mikono mirefu, na chini yake ukafungwa mkanda wa flaneli, kwa kuwa wa kwanza naye alifungwa. Mukuka aliufunga mwenyewe. Vidole vyake vilikumbuka fundo bila kumuuliza.

Clément alikuja kutazama, akiwa na tai yake.

"Ba Mukuka, munatarajia kumutuma Brusele?"

"Ni jina yake inataka."

"Ah. Na mie jina yangu Clément, mpaka leo sijasikia inataka kitu."

Watoto wa mtaa hawakuwa na subira ya karani. Walimwita Bowa, ule uyoga mkubwa unaochipuka kwenye vichuguu mvua zikianza, kichwa kipana na mguu mmoja mwembamba. "Bowa, toka inje tukupike!" Bilijita hakutoka. Aliketi kwenye mstari wa kivuli, mlangoni, na kivuli kilipopungua naye alirudi nyuma. Paji la uso lilimtoka vipele. Nywele zilikatika pale kaske iliposugua. Miguu ilikuwa dhaifu, kwa kuwa mchezo wa kukaa haukuzi miguu. Alipofika miaka minne, umri wa yule mwingine, alianza kuanguka. Alikuwa ameketi, jasho likimtiririka, mara macho yanageuka na kaske inagonga sakafu kabla yake.

Mara ya kwanza, Chileshe aliikagua kaske, akaona kitobo kidogo cha hewa juu, akasema jua limeingilia hapo. Akakiziba kwa nta, akaongeza tabaka la flaneli. Mara ya pili akaongeza kitambaa cha kufunika shingo. Mtoto alizidi kuanguka, na kila alipoanguka alivikwa zaidi. Mukuka aliona kwa macho yake kwamba mtoto anapikwa polepole. Usiku hakusema, mchana hakusema. Angemvua kaske, na homa ikaja wiki ile, kama homa zinavyokuja, basi angekuwa amewaua wawili kwa mkono uleule. Na kama hakumwua wa kwanza? Hapo ndipo penye utelezi. Alikuwa hajui tena. Kule kwenye ukanda, Brigitte alikuwa sasa kichwa wazi karibu kila siku.

Mwaka uliofuata kwisha kwa vita, Mukuka alikuwa akipeleka magauni yaliyopigwa pasi kwa mteja mmoja, saa sita kamili, kwenye avenyu kubwa. Mbele yake msichana mdogo wa Kizungu alikuwa akiruka kwa mguu mmoja kando ya barabara, kichwa wazi, nywele za rangi ya majani makavu zikirukaruka. Mukuka alisimama. Hakuwahi kumwona Brigitte upande huu wa mji, wala hakuwahi kumwona akicheka. Halafu mbwa wa mlinzi akambwekea mtoto yule, na mbwa, Mukuka alifikiri, hana sababu ya kumdanganya. Mwanamke wa Kizungu akatoka katika duka la mikate, naye kichwa wazi.

"Samahani, Madamu," alisema Mukuka kwa Kifaransa chake cha jikoni. "Kaske ya mtoto?"

Mwanamke alimwangalia, akaangalia kichwa cha mtoto, akacheka bila ubaya. Walikuwa wamefika kutoka Ulaya mwezi uliopita. Kaske? Hayo ya zamani. Madaktari wamesema ni upuuzi. Kichwa cha mtoto kinahitaji hewa, kofia nyepesi yatosha, na jua kidogo ni dawa.

"Tangu lini, Madamu?" aliuliza Mukuka.

Mwanamke hakulielewa swali. Alimshika mtoto mkono wakaenda zao.

Hakukuwa na tangazo. Hakuna daktari aliyepita nyumba kwa nyumba kueleza kwamba jua limebadilika tabia. Kaske zilihamia nyuma ya duka la Mgiriki, kisha uani, ambako kuku wake waliona zinafaa kutagia. Baadhi ya wazee wa Kizungu waliendelea kuzivaa, kwa heshima ya waliozikwa nazo.

Mtu angedhani Mukuka alirudi nyumbani mwepesi. Alikuwa amepewa, bila kuomba, kile ambacho alikuwa amekisema miaka yote na hakuna aliyekisikia: kwamba mtoto hakufa kwa kuvuliwa kofia. Lakini alipofika kwenye ukanda, Brigitte alikuwa pale na kaske kichwani, kamba imekaza, alama nyekundu kidevuni, jasho linashuka masikioni, uso umeinuliwa. Mukuka alikumbuka mara zote alizoombwa. Zote zilirudi, bila shaka hata chembe katikati yake, na mkono wake haukuwa umegusa kaske katika hata moja. Alikuwa ameacha kuwa mtu aliyemvua mtoto kofia. Alikuwa mtu aliyemnyima, mpaka mwisho, bila faida kwa yeyote. Kwa mara ya kwanza hakuangalia miguu yake. Alimtazama, na alipita akiwa anamtazama, shingo imegeuka.

Nyumbani Bilijita alikuwa amelala mlangoni, ameanguka tena. Chola alikuwa akimpepea kwa kifuniko cha sufuria. Kaske ilikuwa bado kichwani.

"Chola, muambie mama, Bazungu banatosha kaske. Batoto babo banatembea kichwa wazi. Nimeona."

"Bale ni bazima," ilijibu sauti ya ndani, kabla Chola hajafungua mdomo. "Huyu ni wa ule alikufa. Alikufaka na habari ya zamani. Nani amemupelekea mpya?"

Mukuka alisimama mbele ya ukuta. Kisha akafanya jambo ambalo mtaa ulilizungumza kwa muda mrefu kuliko kifo cha mtoto wa injinia: alizunguka, akasukuma mlango wa pili, akaingia chumbani kwa mama mkwe wake, akasimama mbele yake. Chileshe alijifunika uso kwa kitambaa chake, upesi, kama mtu aliyekutwa anaoga.

"Mama," alisema Mukuka, akikitazama kitambaa, "ule mutoto kila siku aliniomba nimutoshe kaske. Kila siku. Nikakatala. Alikufa nayo. Kama amerudi, hakurudi juu ya kuivaa tena."



"Juu ya nini haukusema?" aliuliza Chileshe, chini ya kitambaa.

"Nilisema. Miaka yote. Ukuta inasikia."

Kosa lile la kuingia lilikuja kulipiwa kwa kuku mweupe na aibu nyingi. Lakini siku ile Chileshe, bila kujifunua uso, alinyoosha mkono na kuutikisa kuelekea mlangoni, vile mtu anavyomruhusu mgeni kuondoka.

Mukuka alipiga magoti kwenye kivuli, akafungua fundo la kamba. Aliitoa kaske, flaneli, kitambaa cha shingo, matambara. Kichwa kilichobaki kilikuwa kidogo kuliko alivyotazamia, chenye viraka vya upara na vipele. Bilijita alipofumbua macho na kuhisi upepo, alipiga kelele. Alijifunika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Baba, rudisha. Baba, jua itanikufisha."

"Haitakukufisha."

"Tate-nkulu amesema," alilia, akimtaja bibi yake.

"Ndiyo, alisema. Sasa amenyamaza."

Mtoto alirudi nyuma mpaka ukutani. Hakuwa amewahi kujua kitu kingine, na hofu yake aliijua vizuri kama watoto wengine wanavyojua mchezo. Mukuka hakumvuta. Alitoka yeye mwenyewe mpaka katikati ya ua, pale pasipo kivuli, akachuchumaa, akamgeukia, akanyoosha mikono yote miwili.

Walikaa hivyo. Watoto wa mtaa walikuja kwenye uzio, wakamtazama Bowa asiye na kichwa cha uyoga. Clément naye alipita, akasimama, akalegeza tai. Jua lilikuwa juu ya wote bila kuchagua. Mwishowe Bilijita alisogea kwenye mstari wa kivuli. Akatanguliza mguu, akaurudisha, akautanguliza tena. Kisha akatoka, ameinama kama mtu anayepita chini ya nyuki, mkono mmoja bado kichwani, wa pili umenyooka mbele, mpaka ukaukuta mkono wa kulia wa baba yake na kuushika.

Mkono wa kushoto ulibaki umenyooka. Mukuka hakuushusha. Alikuwa akitazama mlangoni, nyuma ya mtoto, na polepole vidole vya mkono ule navyo vikafumba, kwa uangalifu, kama vimeshika mkono mwingine mdogo.

Chola, aliyesimama kizingitini, alikuwa amesogea kando, kama mtu anayepisha.